Nimejumlisha 5 na 7, Kompyuta Ikanipa 57: Je, Niache Kozi?

Barua

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 34 na nimeshika kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka huu. Kabla ya hapo mambo yangu yote ya mtandaoni yalikuwa kwenye simu. Nilijiandikisha kwenye kozi ya utangulizi wa kompyuta na programu kwa sababu tangazo lilisema wazi kwamba ni ya wasiojua chochote, na mimi kweli sikujua chochote.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Tulifundishwa sehemu za kompyuta, tofauti ya kumbukumbu na diski, faili na folda, kisha biti na baiti. Daftari langu lilijaa na kila kitu nilikielewa. Halafu tukaingia kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, na tangu hapo naona giza.

Kinachonichanganya ni hiki: mwalimu akiandika ubaoni, naelewa kila mstari. Nanakili, nabonyeza, programu inafanya kazi. Nikifika nyumbani nikafungua ukurasa mtupu, sijui hata neno la kwanza liwe lipi. Zoezi letu mojawapo lilikuwa kuandika programu inayomuuliza mtumiaji namba mbili na kuonyesha jumla yake. Niliandika hivi:

a = input("Namba ya kwanza: ")
b = input("Namba ya pili: ")
print(a + b)

Nikaingiza 5, nikaingiza 7. Ikanijibu 57. Nikajaribu 2 na 2, ikaniambia 22. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna maandishi mekundu, hakuna chochote cha kunionyesha nilipokosea. Nilikaa mbele ya skrini ile hadi usiku mkubwa.

Darasani wengi ni vijana. Mwalimu hajamaliza kueleza, wao wamekwisha kumaliza zoezi. Mmoja alinionea huruma akaniambia niwe naipa programu ya akili bandia swali, itaniandikia yenyewe. Zoezi lililofuata nikafanya hivyo, nikapata alama zote. Kipindi kilichofuata mwalimu akaniita mbele nieleze mstari wa tatu unafanya kazi gani. Nilisimama kimya mbele ya darasa zima. Siku hizi nakaa safu ya nyuma na sinyooshi mkono.

Nisaidie, Mjomba. Shuleni hisabati ilinishinda. Je, kichwa changu hakiwezi mambo haya? Niache kwanza, nikasome kuchapa na kuandaa nyaraka, ndipo nirudi? Kiingereza changu ni cha kuungaunga, na ujumbe wote wa makosa unakuja kwa Kiingereza. Na kama akili bandia inaweza kuandika programu, mimi nahangaika ya nini?

Wako,
Wa Safu ya Nyuma

Jibu

Marahaba, mpwa wangu. Umeuliza mengi, lakini naanza na ile 57, kwa sababu karibu yote uliyoyauliza yamo ndani yake.

Ukibonyeza kitufe cha 5, kinachoifikia programu yako ni alama ya 5, sawasawa na ambavyo ungebonyeza K ingefika herufi K. Ndani ya mashine kila alama ina namba yake ya utambulisho. Utaratibu huo uliwekwa kwenye jedwali la ASCII lililotolewa mwaka 1963, na jedwali la Unicode tunalotumia leo limezihifadhi namba zile zile: A kubwa ni 65, alama ya 5 ni 53, alama ya 7 ni 55. Kwa hiyo ulipoandika 5, Python haikupokea tano ya kuhesabia. Ilipokea maandishi. Amri ya input ndivyo ilivyo: hata mtumiaji aandike nini, inakurudishia maandishi. Kisha wewe ukaweka alama ya kujumlisha. Ikikaa kati ya namba mbili, alama hiyo hujumlisha. Ikikaa kati ya maandishi mawili, huyaunganisha. Maandishi "5" yakiunganishwa na maandishi "7" yanakuwa "57". Ndiyo maana hukupata ujumbe wowote wa kosa: ulichoandika kilikuwa agizo halali, na limetekelezwa neno kwa neno.

Dawa yake ni kugeuza maandishi yawe namba pale pale yanapopokelewa:

a = int(input("Namba ya kwanza: "))
b = int(input("Namba ya pili: "))
print(a + b)

Sasa utapata 12. Kumbuka int inakubali namba kamili tu. Mtumiaji akiandika 2.5 programu itasimama, na hapo utatumia float badala yake. Akiandika "saba" kwa herufi, zote mbili zitakataa.

Nakuongezea jambo moja linalowapoteza wengi wanaojisomea. Programu yako ile ile ya mwanzo, bila kubadilisha hata nukta, ingetoa 12 kwenye Python 2, kwa kuwa input ya zamani ilikuwa ikijaribu kukokotoa kile kilichoandikwa. Python 3 ilitoka mwaka 2008 ikabadilisha hilo, na Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Lakini vitabu na masomo ya zamani bado yamejaa kila mahali. Ukikuta mfano ulioandika print bila mabano, achana nao, ni wa Python 2.

Rudi sasa kwenye daftari lako la biti na baiti, lile lililojaa. Biti ni 0 au 1, baiti moja ni biti 8, na biti 8 zinaweza kupangika kwa namna 256. Baiti yenye thamani ya 53 inaweza kuwa namba 53, inaweza kuwa alama ya 5, inaweza kuwa sehemu ya rangi ya nukta moja kwenye picha. Mashine haina namna ya kujua ni ipi mpaka programu iiambie. Somo hilo ulilielewa, umesema mwenyewe. Jibu la 57 lilikuwa humo humo. Kozi nyingi hufundisha biti wiki hizi na Python wiki zile kana kwamba ni masomo mawili yasiyofahamiana, na anayeanza kabisa ndiye anayeachiwa kazi ya kuyaunganisha. Jambo hili huniuma, kwa sababu vijana waliokwisha kuchezea kompyuta tangu utotoni wataruka pengo hilo bila kuliona, na wewe utadhani pengo liko kichwani mwako.

Haya, ukurasa mtupu. Kuelewa mstari ambao mtu mwingine ameuandika ni kazi moja, na kuuandika wewe ni kazi nyingine. Kumtazama fundi akishona hakujamfanya mtu yeyote ajue kushona. Kati ya kazi hizo mbili kuna ya tatu, na hiyo ndiyo uliyoiruka: kutabiri. Kabla hujabonyeza kitufe cha kuendesha programu, andika kwenye karatasi kile unachoamini kitatokea kwenye skrini. Herufi kwa herufi. Ndipo ubonyeze, ulinganishe. Utabiri ukiwa sahihi, umeelewa kweli. Ukikosea, umepata mahali hasa pa kuuliza, na swali lako kwa mwalimu halitakuwa tena "sielewi Python" bali "kwa nini hapa imetoka 10 na mimi nilitegemea 15?"

Nimeitaja 10 na 15 kwa makusudi. Tazama hii:

jumla = 0
for n in range(1, 5):
    jumla = jumla + n
print(jumla)

Usiiendeshe kwanza. Chukua karatasi, chora safu mbili, moja ya n na nyingine ya jumla. Mwanzoni jumla ni 0. Mzunguko wa kwanza n ni 1, basi jumla inakuwa 1. Wa pili n ni 2, jumla inakuwa 3. Wa tatu n ni 3, jumla ni 6. Wa nne n ni 4, jumla ni 10. Je, kuna wa tano? Hakuna. range(1, 5) huanza na 1 na kusimama kabla ya kufika 5. Wanaotabiri kwa macho tu husema 15 karibu siku zote, na wanaofuata kwa kalamu hufika 10 wenyewe mara tu wakishajua desturi hiyo ya range.

Utaratibu huu wa kufuata thamani kwa kalamu si wa watoto. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maelezo kuhusu mashine ya kukokotoa aliyoibuni Charles Babbage, na ndani yake kuna jedwali linaloonyesha, hatua kwa hatua, jinsi mashine ingekokotoa namba za Bernoulli: thamani gani iko wapi, inafanyiwa nini, jibu linawekwa wapi. Mashine yenyewe haikuwahi kukamilika. Jedwali lile lote lilifanyiwa kazi kwenye karatasi, bila kitu chochote cha kuendeshea. Kwa hiyo usimwonee aibu mtu anayekukuta na penseli katika somo la kompyuta.

Ukimaliza jedwali, jaribu kitu kidogo: usogeze ule mstari wa mwisho wa print ndani kwa nafasi nne, ulingane na mstari ulio juu yake. Tabiri tena. Sasa utaona mistari minne: 1, 3, 6, 10. Hakuna neno lililobadilika, ni nafasi tu za mwanzo wa mstari. Kwenye Python nafasi hizo ndizo zinazosema nini kimo ndani ya mzunguko na nini kiko nje. Mtu aliyefanya jaribio hili kwa mkono wake hahitaji tena kukaririshwa kanuni hiyo.

Hapo hapo kuna jambo la hisabati yako. Angalia jumla = jumla + n. Kwenye daftari la hisabati sentensi hiyo ni uongo mtupu, maana hakuna namba inayolingana na yenyewe ikiongezwa kitu. Lakini hapa alama ya = haidai kwamba pande mbili ni sawa. Inaagiza: kokotoa upande wa kulia kwanza, jibu uliweke kwenye jina lililoko kushoto. Ukitaka kuuliza kama vitu viwili ni sawa, unatumia alama mbili, ==. Nimefundisha watu waliokuwa hodari wa hisabati wakagoma kwa muda mrefu kwenye mstari huu, kwa sababu ujuzi wao wa aljebra uliwavuta nyuma. Wewe huna mzigo huo.

Kozi ya utangulizi inahitaji kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kulinganisha kipi ni kikubwa, na baki la kugawanya, ambalo kwenye Python huandikwa kwa alama ya %: 17 % 5 ni 2. Ukijua kwamba n % 2 ikiwa 0 basi n ni namba shufwa, umeshajua hesabu nyingi utakazokutana nazo. Kuna nyanja za kompyuta zinazotaka hisabati nzito, kama vile michoro ya pande tatu na ufichaji wa siri, lakini huko hujafika na huenda usihitaji kufika. Lugha ya BASIC ilibuniwa mwaka 1964 katika chuo cha Dartmouth na walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, na lengo lao lilikuwa kwamba wanafunzi wasiosoma sayansi wala hisabati nao waweze kuitumia kompyuta. Wenye hisabati yao walijua tangu wakati huo kwamba mlango huu si wa wanahisabati peke yao.

Ukurasa ukiwa mtupu, usianze na Python. Anza na Kiswahili. Tuseme umeambiwa uandike programu inayotafuta namba kubwa kuliko zote kwenye orodha. Jiulize: ningesomewa namba hizi moja moja, nisiruhusiwe kuziona zote kwa pamoja, ningefanyaje? Ungeandika hivi: "Shika namba ya kwanza. Sikiliza inayofuata. Ikiwa ni kubwa kuliko uliyoishika, achia ya zamani ushike hii. Endelea mpaka orodha iishe. Taja uliyoishika." Hiyo ndiyo programu, kilichobaki ni kuivalisha alama. "Shika" ni jina unaloliwekea thamani, "endelea mpaka orodha iishe" ni for, "ikiwa" ni if, "taja" ni print:

namba = [12, 45, 7, 38]
kubwa = namba[0]
for n in namba:
    if n > kubwa:
        kubwa = n
print(kubwa)

Namba ya kwanza imeandikwa namba[0] kwa sababu Python huhesabu nafasi za orodha kuanzia 0. Na uone kwamba majina nimeyaandika kwa Kiswahili. Python hailalamiki hata kidogo. Majina unayoyatunga wewe yawe kwa lugha unayoifikiria. Utaisoma programu yako wiki ijayo na kuielewa mara moja, tofauti na kunakili x na temp usizojua zimetoka wapi.

Andika mstari mmoja, endesha, ongeza mwingine, endesha. Anayeandika mistari ishirini ndipo aendeshe kwa mara ya kwanza anajitafutia makosa matano kwa mpigo, na yakichanganyika hata mzoefu hutoka jasho.

Kiingereza kinakutisha kuliko kinavyostahili. Maneno maalumu ya Python 3 ya sasa, yale kama if, for, while na else, ni 35 tu, na katika kozi yako hutatumia hata nusu. Ongeza amri chache kama print, input, int na len. Huo ni msamiati wa kujifunza kwa siku chache.

Ujumbe wa makosa nao una umbo lake. Anza kuusoma kutoka chini: mstari wa mwisho ndio unaotaja aina ya kosa, na juu yake utaona namba ya mstari wa programu. Aina utakazokutana nazo sasa ni chache. NameError: umetaja jina ambalo Python hailijui, mara nyingi ni tahajia, umeandika juma badala ya jumla, au umesahau alama za kunukuu. SyntaxError: sentensi haikukamilika, tafuta mabano yasiyofungwa au nukta mbili zilizosahauliwa mwishoni mwa if au for. IndentationError: nafasi za mwanzo wa mstari hazijapangana. TypeError: umechanganya vitu visivyochanganyika, mathalani kujumlisha maandishi na namba. ValueError: umeiambia int igeuze kitu kisicho namba. Kwa SyntaxError, ukiona mstari uliotajwa hauna tatizo, tazama ulio juu yake. Mabano yaliyoachwa wazi kwenye mstari mmoja mara nyingine hugunduliwa kwenye unaofuata.

Tenga kurasa za mwisho za daftari lako kwa makosa peke yake. Nakili ujumbe kama ulivyo, andika kwa Kiswahili ulisababishwa na nini na uliuondoaje. Utashangaa jinsi makosa yanavyojirudia, na jinsi utakavyokuwa unayatambua kwa sura kabla hujayasoma.

Kuhusu kuacha ukasome kuchapa kwanza: hapana. Kasi ya vidole itakuja yenyewe, na programu za wanaoanza ni fupi. Unachopaswa kukaza ni kujua faili lako liko wapi. Watu waliokulia kwenye simu hupata shida hapa na hakuna anayewaambia kwa nini. Simu huficha faili. Unafungua programu ya picha na picha ziko, huulizwi folda. Kwenye kompyuta utahifadhi zoezi.py mahali fulani, kisha utaiendesha kutoka mahali pengine, na mashine itakuambia haioni faili hilo. Tengeneza folda moja ya kozi, kila zoezi liingie humo. Hakikisha faili linaishia na .py na si .py.txt, maana baadhi ya programu za kuandikia huongeza .txt kimyakimya. Wala usiandike Python ndani ya programu ya kuandalia barua na ripoti. Hizo hupenda kupinda alama za kunukuu ziwe nzuri kwa macho, na Python haizitambui zilizopindwa. Inataka zile zilizonyooka. Nimeona mwanafunzi akifuta na kuandika upya mstari ulio sahihi kabisa, mara kwa mara, na tatizo lilikuwa ni kupinda tu kwa alama hizo.

Kama nyumbani huna kompyuta, kutabiri na kuchora majedwali hakuhitaji umeme. Fanya hilo nyumbani, na muda wa kukaa kwenye mashine uutumie kuhakiki.

Sasa akili bandia, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa kuwa nakutakia mema. Alama zile ulizopata si zako. Nenda kwa mwalimu, mwambie ulivyofanya, omba zoezi hilo ulirudie mwenyewe hata kama alama zitashuka. Mwalimu mwema atafurahi, na wewe utapata nafasi ya kunyoosha mkono tena. Aliyekupa ushauri ule alikuwa na nia njema, lakini alikupunguzia kazi ile ile uliyoenda kujifunza.

Siikatai akili bandia kama chombo. Ukishatabiri, ukajaribu, ukakwama, ibandikie msimbo wako, yaani mistari ya programu uliyoiandika, na ujumbe wa kosa, iombe ikueleze kwa Kiswahili kosa ni nini bila kukuandikia jibu. Kisha funga, andika upya kwa kumbukumbu yako. Kesho yake andika tena. Ukishindwa kesho, jana hukuelewa.

Ama kuhusu haja ya kujifunza wakati mashine inaandika, rudi kwenye 57. Programu ile iliendeshwa vizuri kabisa na jibu halikuwa ulilolitaka. Wewe uligundua kwa sababu unajua 5 na 7 ni 12. Je, ingekuwa hesabu usiyoijua jibu? Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu moja iliyokuwa huku duniani ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya pauni, na programu zilizozipokea zilitegemea vipimo vya newtoni. Hakuna kilichokwama wala kutoa maandishi mekundu. Namba zilipita, chombo kikashuka chini kuliko kilivyopaswa, kikapotea. Programu kuendeshwa na programu kuwa sahihi ni mambo mawili, na la pili linahitaji mtu anayeweza kuifuata hatua kwa hatua na kusema "hapa sivyo." Kadiri mashine zinavyoandika zaidi, ndivyo mtu huyo anavyotafutwa. Asiyeweza kueleza mstari wa tatu hawezi kuwa yeye bado, lakini umbali uliobaki si mkubwa kama unavyouona ukiwa safu ya nyuma.

Wale vijana usijilinganishe nao. Anayemaliza kabla ya mwalimu kueleza hajajifunza kitu kipya siku hiyo, alikuja nacho. Kaa karibu na yule anayeuliza maswali, hata kama ni mmoja tu. Na mwalimu akiandika msimbo ubaoni, mwombe asimame kidogo kabla ya kuuendesha ili darasa litabiri. Wengi wa walio kimya watakushukuru.

Usiache kozi. Ila nakupa kipimo, ili usibaki ukibahatisha. Andika programu inayoomba namba, moja baada ya nyingine, mpaka mtumiaji aandike 0. Kisha ionyeshe namba zilikuwa ngapi, bila kuihesabu ile 0, na jumla yake ni ngapi. Utahitaji while, inayorudia hatua maadamu sharti ni kweli, if pengine, na majina mawili: idadi na jumla. Anza na Kiswahili kwenye karatasi. Ukimaliza, ijaribu hivi: 4, 6, 0 lazima itoe 2 na 10. Ukiandika 0 papo hapo, lazima itoe 0 na 0. Ukiandika -3, 3, 0, lazima itoe 2 na 0. Ikipita yote matatu, uko sawasawa na kozi inavyokwenda, endelea mbele. Ikikushinda baada ya kuihangaikia kwa dhati, mwombe mwalimu akurudishie sehemu ya mizunguko peke yake, si kozi nzima.

Ikishapita, iongeze wastani: jumla igawanywe kwa idadi. Kisha ijaribu tena kwa kuandika 0 papo hapo, uone itakuambia nini, na ufikirie utaizuiaje. Ukikwama niandikie. Nitumie msimbo wenyewe kama maandishi, si picha ya nusu skrini, pamoja na ujumbe wote wa kosa na karatasi yako ya utabiri.

Mjomba